Mama Bouakham Angoja Mvua

Asubuhi ya mazishi ya mama yake, Chansamone aliwasha jiko awapikie watawa wali wa kunata, na makaa yakatoa maji. Alipuliza, yakazidi. Akakinga ndoo, akaoshea vyombo, kisha akaenda kuomba wali kwa jirani, akamkuta naye anapiga deki jikoni.

Kufika adhuhuri sababu ilikuwa imejulikana. Kilao, lugha ya kwao, kina herufi mbili za sauti ya F, moja ya mvua na nyingine ya moto, na kila mtoto huzijua kwa picha zake kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kamati moja ya ng'ambo, iliyopewa kazi ya kuingiza herufi za dunia kwenye kompyuta, ilizipa zote namba na majina, na hizi mbili ikazibadilishana majina: ya mvua ikaitwa ya moto, ya moto ikaitwa ya mvua. Jedwali lilifika ofisi ya wilaya jana yake, na mambo yakafuata jedwali.

Shida ilikuwa maiti. Mama Bouakham, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka meno yakamwisha, alilazwa juu ya kuni nyuma ya hekalu, na kila kiberiti kilichowashwa kilimlowesha. Watawa wakakamua mavazi yao, jeneza likarudishwa nyumbani. Nyumba yenye maiti haiachwi kimya, kwa hiyo wageni waliendelea kucheza karata na kunywa bia wiki baada ya wiki, na bata wa Chansamone wakaisha. Mtu asiyechomwa haendi popote. Marehemu mwenyewe alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jeneza lake, akilalamika kwamba miguu inapata baridi.

"Herufi nimeifundisha wilaya nzima," alisema. "Nani huyo aliyeshindwa?"

Aliyeshindwa alikuja mwenyewe. Alikuwa Thongvanh, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, aliyesoma ng'ambo na sasa ni mjumbe wa kamati. Alikutanisha viganja, akamwinamia mwalimu wake wa zamani. Mwalimu alimkumbuka vizuri. Ndiye aliyekuwa akisinzia darasani.

Chansamone alimwomba jambo moja tu, majina yarudishwe, mama yake akapumzike.

"Haiwezekani, dada," alisema Thongvanh. "Jina likishaingia kwenye jedwali haliguswi milele."

"Hata likiwa na kosa?"

"Hasa likiwa na kosa. Tukianza kusahihisha, nani atatuamini? Ila tunaweza kuweka maelezo chini yake."

"Maelezo yatamchoma mama yangu?"

Thongvanh akasema hilo haliko ndani ya mamlaka ya kamati. Alimaliza bia yake, akashinda karata, akaondoka na gari la serikali. Chansamone alitamani kumtupia ndoo, lakini ilikuwa imejaa maji ya jiko, na miche ya mpunga ilikuwa na kiu. Akaibeba hadi shambani.

Mwezi wa tano kijiji kilirusha roketi za mianzi za kuita mvua, kama kila mwaka. Zilipaa zikimwaga maji, na wingu likaitika. Wanaume walikimbiza jeneza nyuma ya hekalu. Zilianza kudondoka cheche moja moja, kisha mvua ikashika kweli kweli.

Mama Bouakham aliinuka kitini. Alimwambia bintiye afunike miche, asisahau kuingiza nguo, akaenda zake. Aliungua vizuri, hata watawa walisifu. Miche nayo iliungua, na paa la nyumba. Chansamone alilia sana, kwa mama na kwa mpunga, na hakujaribu kutenganisha kilio kipi ni cha nani.

Baada ya mavuno ambayo hayakuwapo, bahasha ya kamati ilifika. Ndani mlikuwa na ukurasa wa jedwali, toleo jipya. Majina yalikuwa pale pale. Chini yake, kwa maandishi madogo, kulikuwa na maelezo kwamba majina haya ni makosa na yatabaki hivyo. Chansamone aliketi chini ya bati la kuazima, akausoma ukurasa wote kwa mwanga wa mvua.