Soda ya Koleta

Kijijini Murusagamba, karatasi ya mkutano ina kazi moja: ukisaini, unapewa soda. Hata aliyekimbia shule darasa la pili analijua hilo, sembuse Desderius aliyefika la saba na kutoka huko na sahihi yenye mkia mrefu kuliko wa tumbili. Kwa hiyo mwaka jana, watu wa mradi walipowaita wazazi shuleni kuzungumzia vishikwambi, alisaini mara mbili. Kwanza jina lake. Kisha la mkewe, Koleta, ambaye saa hiyo alikuwa shambani anang'oa maharage. Soda moja akaimaliza palepale. Ya pili akaificha ndani ya koti, ikafika nyumbani ina joto kama uji, na binti yao Priscila, wa darasa la nne, akainywa yote, akacheua mpaka kuku wakatoka mlangoni.

Wiki ile Priscila alishinda siku tatu ofisini kwa mwalimu mkuu, anasoma maneno mbele ya kifaa. Mradi ulikuwa unatengeneza akili mnemba ya kufundisha hesabu kwa sauti ya mtoto, kwa sababu, walisema, mtoto humsikiliza mtoto mwenzake. Alirudi na biskuti na maringo. Baba yake akamtania kuwa kwa mdomo ule hata redio ya katekista ingeomba likizo. Kama anataka au hataki, hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa angekubali tu, maana biskuti zilikuwepo.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, homa ilimpanda Ijumaa. Barabara ilikuwa tope tupu, pikipiki ikakwama mara mbili kabla ya kufika zahanati. Jumapili wakamzika nyuma ya migomba.

Vishikwambi vilifika shuleni siku ya nne ya msiba. Watu walikuwa bado wamekaa uani, majembe yameegemezwa ukutani, kwa kuwa katika ukoo ule hakuna anayeshika jembe kabla ya matanga kuondolewa. Mtoto wa jirani akaja mbio, akasema Priscila yuko darasani. Alichapwa kofi kwanza, ndipo akasikilizwa. Alisema Priscila yumo ndani ya kishikwambi, anafundisha kujumlisha, na ukikosea anakwambia, "Jalibu tena, utaweza." Neno la kwanza alilitamka vilevile alivyolitamka marehemu, na l yake ya nyumbani.

Kaka mkubwa wa Desderius, mzee Ndizeye, akasema matanga hayawezi kuondolewa wakati marehemu bado anaita huko shuleni. Majembe yatakaa ukutani. Nayo mvua ilikuwa imeshashika, wenzao wanapanda, na mbegu za maharage zilikuwa zimeanza kuota kwenye gunia kwa unyevu.

Desderius akaenda shuleni. Mwalimu Elick akamwambia yeye ana ufunguo wa kabati tu, sauti wanayo wenye mradi mjini, akawapigia simu. Baada ya wiki nzima akaja dada mmoja wa mradi, anaitwa Joan, mpole, buti zake zimeliwa na tope mpaka magotini. Aliamkia shikamoo kila mkeka, akaketi chini, akatoa pole ndefu. Kisha, kwa aibu, akatoa kwenye begi karatasi ya ule mkutano wa mwaka jana. Akaeleza kwamba wazazi wote wawili walikuwa wameridhia.

Koleta alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kikafika chini, kikasimama.

"Baba Priscila. Huyu Koleta aliyesaini hapa ni nani?"

Desderius alikuwa mtu wa kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Siku hiyo alitazama majembe.

"Ni ya soda, mama."

"Soda ipi?"

"Ile aliyokunywa mtoto."

Koleta hakupiga kelele. Aliikunja karatasi vizuri, kama anavyokunja kanga, akamrudishia Joan. Akasema yeye hakusaini chochote, kwa hiyo sauti ya mwanawe hajampa mtu.

Joan alijibu kwamba mzazi ana haki ya kuiondoa, nao wataifuta. Lakini kanuni zao hazikusema popote mtoto akifariki ifanyweje. Waliozitunga hawakuwaza kwamba mtoto hufa. Halafu akauliza kama nyumbani wana sauti yake nyingine. Hawakuwa nayo. Walikuwa na picha moja ndogo ya fomu ya shule, amekodoa macho. Basi Joan akasema anaweza kuwawekea sauti hiyo kwenye simu, ibaki kwao, kabla haijafutwa.

Desderius akainua kichwa haraka. Alitaka, kila mtu aliona kwamba alitaka. Lakini jina lililoibwa halikuwa lake, akamwangalia mkewe.

Koleta aliomba kuisikia mara moja. Joan akabonyeza.

"Jalibu tena, utaweza."

"Haya, mama," Koleta akaitikia, kama aliyetumwa chumvi. Akajifuta uso kwa kiganja. "Zima. Mwache alale."

Jumamosi wakaondoa matanga. Uani pakafagiwa, katekista akaongoza sala, mzee Ndizeye akampa kila mtu jembe lake. Koleta alilima mstari wake na Desderius wake. Mchana kila mmoja akala upande wake.

Jumatatu Desderius akapita shuleni, jembe begani, ahakikishe kwa masikio yake. Joan alikuwa kizingitini, ameleta sauti mpya. Alitabasamu kumwonyesha kwamba kazi imekwisha. Ndani, mtoto mwingine alikuwa anahesabu moja mpaka kumi. Sauti nyembamba, kila s inapiga mluzi kidogo, kama ya mtu aliyeng'oka meno ya mbele juzijuzi.

Desderius alisikiliza mpaka kumi.

"Huyu wa wapi?"

Joan akasema wa mbali, mkoa mwingine, yeye hamjui.

"Yu mzima?"

Joan akaanza kupekua karatasi kwenye begi.

"Na baba yake," Desderius akauliza, wala hakuwa anatania, "walimpa soda gani?"

Ndani mtoto akaanza tena, moja, mbili, tatu, na darasa zima likawa linamfuata.