Nusu Sekunde

Kidole gumba cha Mzee Rienk ndicho kiungo cha mwisho kilichomtii. Miguu ilitangulia kuondoka, mikono ikafuata, na sauti ikazama kooni siku moja ya Oktoba alipokuwa akimwita mbwa wake, isirudi tena. Kikabaki kidole gumba cha mkono wa kulia, kimelala juu ya kitufe cha buluu kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti. Waya mwembamba ulitoka hapo ukapita chini ya blanketi hadi kwenye skrini. Waya ule niliufunga mimi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Katika kituo cha tiba pale Leeuwarden, mji wa kaskazini mwa Uholanzi, nina kabati lililojaa vitufe vipana kama visahani, vijiti vya kusukuma kwa kidevu, mirija ya kupuliza, na vipande vidogo vya kubandika juu ya nyusi. Mgonjwa huletwa kwangu na kile kidogo alichobakiziwa na ugonjwa, nami natafuta namna ya kukiunganisha na herufi na picha za kwenye skrini, ili aliyefungiwa ndani apate mlango. Chuoni mwalimu wetu alituambia hakuna mwili ulionyamaza kabisa, ila kuna fundi asiyesikia. Niliyaandika maneno hayo nikayapigia mstari. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiona haya hata kuuliza bei ya mkate, lakini mbele ya kabati lile nilijiona mtu.

Siku ya kwanza nilipokwenda kwao, kijiji cha Wytsum, Mzee Rienk alikuwa bado anaongea na mkono wake bado una nguvu. Nilivipanga vitufe mezani, kati ya kikombe cha kahawa na kopo la biskuti.

"Binti, unafungua duka?"

"Ni vya kujaribu tu, Mzee."

"Na nisiponunua?"

"Basi nitavibeba tena," nilisema, na masikio yakapata moto.

Akacheka. Alikigusa kimoja kimoja, kichwa amekiinamisha, sikio karibu kuliko jicho. Kilichokuwa kimya alikisukuma kando. "Kitufe kisicholia ni sawa na mtu anayekuitikia kwa kutikisa kichwa gizani," alisema. Alipofika kwenye kile cha buluu, kikalia *tik*, kikavu na safi. Akakigusa tena. "Huyu anaongea. Huyu abaki."

Alikigusa kwa kasi, kama mtu anayegusa chungu cha moto. Nikamwambia akishikilie kidogo. Akanitazama kwa huruma, akakigusa tena vile vile. Mkewe, Bi Tjitske, ndiye aliyecheka pale jikoni.

"Mwanangu Jildou, hapo unapoteza pumzi. Hiyo ni kengele ya daraja. Hata kengele ya mlango wa daktari anaibofya hivyo hivyo, watu hawafungui."

Ndipo nikasimuliwa. Kwa miaka thelathini na moja Mzee Rienk alikuwa mtunza daraja kwenye mfereji wa Wytsum, akiliinua boti zipite, akilishusha baiskeli zipite. Kilomita mbili mbele kulikuwa na daraja la pili, na mtunzaji wake alikuwa mdogo wake, Hylke. Kati ya vibanda vyao palipita waya wa kengele. Boti ikishavuka kwa mmoja, humgusia mwenzake mguso mmoja mfupi, maana yake: inakuja kwako. Mwenzake akisikia, hujibu mguso mmoja. Asipojibu, unagusa tena, na tena, hadi ajibu. Lakini mguso mrefu haukuwa wa mchezo. Mguso mrefu ulimaanisha mtu yumo majini.

"Miaka yote hiyo nimeushikilia mara moja," alisema Mzee Rienk.

Hakusema ni lini wala kwa ajili ya nani, na sikuuliza. Kwetu watu hawadodoswi. Mtu akinyamaza, unammiminia kahawa na kuuacha ukimya wake pale ulipo, kama unavyoviacha viatu vyake mlangoni.

Habari za Hylke nilizipata kwa Bi Tjitske, siku nyingine, akinisindikiza kwenye baiskeli yangu. Madaraja yote mawili yaliunganishwa na chumba kimoja mjini, yaendeshwe kutoka huko. Vibanda vikafungwa. Kazi ya ndugu wawili ikawa kiti kimoja, kijiti cha kusukuma kwa vidole viwili na skrini yenye picha za mfereji. Hylke akakikalia kile kiti. Alipofungiwa kibanda, Mzee Rienk alinyamaza wiki tatu, hata chumvi aliiomba kwa kidole. Alipofungua kinywa aliongea kila jambo, ila jina la mdogo wake hakulitaja. Miaka kumi na moja ilipita hivyo, na nyumba zao zilitenganishwa na mashamba matatu tu ya kulishia ng'ombe.

"Wote wawili vichwa mawe," alisema Bi Tjitske. "Hylke akipita na baiskeli anapunguza mwendo hapo kwenye ua. Anadhani simwoni."

Mwezi wa Januari misuli ya Mzee Rienk ilianza kuchezacheza yenyewe, kama matone ya mvua juu ya mfereji. Ugonjwa ule una tabia hiyo. Macho yalimchoka upesi siku hizo, kwa hiyo nilimwekea kidude cha sikioni kilichomnong'oneza kila kisanduku cha skrini kwa zamu: *ndiyo... hapana... maji... nigeuzeni...* Akisikia alitakalo, anagusa. Lakini sasa kidole kiligusa bila yeye kutaka.

"Tangu asubuhi ni kahawa, mbwa, kahawa, choo," Bi Tjitske alinilalamikia Ijumaa moja. "Mchungaji amekuja, kavua kofia, kaanza sala vizuri. Mashine ikamwambia 'choo'. Kwa sauti!"

Kifua cha Mzee Rienk kilitikisika, alikuwa anacheka. Nami nilicheka. Kisha nikafungua mipangilio nikafanya kile ambacho kila fundi wa kazi yetu angefanya: niliiamuru mashine ipuuze mguso wowote usiofika nusu sekunde. Kuchezacheza kwa misuli ni kufupi, na mguso wa mtu aliyekusudia ni mrefu. Ndivyo nilivyofundishwa.

Nilimwomba ajaribu. Akashikilia. Mishipa ya shingo ilimsimama, jasho likamtoka juu ya mdomo, mashine ikasema "ndiyo". Nikamwomba tena, akaweza tena.

"Itakufaa hivyo, Mzee?"

Alichukua muda mrefu kuandika neno moja: HAYA.

Sikuikumbuka kengele. Nilipaswa kuikumbuka. Nilikuwa nimesimuliwa kwenye meza ile ile, nikila biskuti zao. Nilizima kompyuta yangu, nikamfuta jasho kwa leso, nikaondoka nikijisifu moyoni.

Jumamosi mafua makali yaliniangusha. Kituo hakiruhusu mtu mwenye mafua kuwakaribia wagonjwa wa aina ile, nikalala siku tisa. Niliporudi Jumatatu nilikuta karatasi juu ya meza yangu: Mzee Rienk alifariki jana, tafadhali chukua vifaa baada ya mazishi.

Walimzika kwa desturi ya kijiji. Jeneza lilizungushwa mara tatu kuyazunguka makaburi, kengele ya kanisa ikilia, sisi tukifuata nyuma yake kimya juu ya kokoto zenye barafu. Katika mzunguko wa kwanza nilimwona mzee mmoja amesimama nje ya lango, kofia mkononi, masikio mekundu kwa baridi. Mzunguko wa pili alikuwepo. Wa tatu alikuwa ameondoka. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Kidevu kilikuwa kile kile cha Mzee Rienk.

Baadaye, kwenye kahawa na mkate wa sukari, Bi Tjitske alinishika kiwiko.

"Jumanne homa ilipopanda nilimuuliza. 'Rienk, nimwite Hylke?' Nilimuuliza mara mbili. Macho kayafumba, mashine kimya. Nikajua ndiyo zile wiki tatu zimerudi." Aliukata mkate vipande vidogo, hakula hata kimoja. "Hylke alipiga simu. Nikamwambia ukweli, kwamba nimeuliza na hakutaka. Uamuzi ni wake mwenyewe, sivyo? Angalau hilo hawakumnyang'anya."

Nikaitikia kwa kichwa.

Vifaa vinaporudi kituoni huwa tunafuta kumbukumbu zake kabla ya kumpa mtu mwingine. Ni adabu. Maneno ya mtu si ya kuachwa wazi. Nilikaa mbele ya skrini yake saa nne asubuhi, nje theluji imegeuka matope, nikapitia orodha ya miguso kwa mazoea tu, kuhakikisha kitufe kilikuwa kizima. Mashine huandika kila mguso, hata ule inaoupuuza: saa, urefu wake, na kisanduku kilichokuwa kinasomwa wakati ule.

Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri. Mguso, sehemu ya kumi ya sekunde. Umepuuzwa. Kisanduku: ndiyo.

Mguso. Umepuuzwa. Ndiyo.

Nilishuka na orodha. Kati ya *ndiyo* moja na nyingine mashine ilipita kwenye *hapana*, kwenye maji, kwenye kugeuzwa, na katika visanduku hivyo vyote hapakuwa na mguso hata mmoja. Misuli inayochezacheza haichagui. Huyu alikuwa anachagua. Alilala na homa yake, macho ameyafumba, akisubiri zamu ya neno lake, na kila lilipofika aligusa kwa ufupi na usafi, kama alivyogusa maisha yake yote. Nilihesabu mara arobaini na moja. Baada ya hapo palikuwa patupu.

Nilibonyeza kitufe cha kufuta. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, kwa woga. Skrini ikaniuliza: *Una hakika? Ndiyo. Hapana.*

Nilikaa mbele ya visanduku vile viwili mpaka chai yangu ikapoa. Nikifuta, Bi Tjitske atabaki na mume aliyeamua mwenyewe, nami nitabaki na kazi yangu na jina langu zuri. Nikiacha, itanibidi niende nikamnyang'anye amani mjane wa siku tano tu. Nilimfikiria yule mzee nje ya lango, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Nikabonyeza hapana.

Bi Tjitske alinifungulia akiwa na aproni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, koti bado mwilini, kwa sababu nilijua nikikaa sitaweza. Nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia kuhusu nusu sekunde. Niliweka mezani karatasi niliyoichapia ile orodha ya miguso.

Aliisoma yote. Hakulia. Aliinua mkono wake wa kulia akautazama kama wa mtu mwingine.

"Kilikuwa kinacheza," alisema. "Kidole. Nilikiona kinacheza, nikamwonea huruma. Nikakitoa kwenye kitufe nikakishika hivi, mpaka kikatulia."

Nje bata walikuwa wanagombana kwenye mfereji. Nilitamani anitukane. Alikunja karatasi mara mbili, akaifungua tena, kisha akaenda kwenye simu.

"Hylke? Ni mimi. Njoo." Akasikiliza. "Hapana, sasa hivi." Akaweka simu, akanigeukia. "Na kile kitufe, Jildou, unacho?"

Kilikuwa kwenye mkoba wangu, pamoja na skrini yake. Nilipokuwa nakiunganisha, waya uliniponyoka mara mbili. Nilifungua mipangilio, nikaiondoa ile nusu sekunde.

Hylke aliingia bila kubisha, akavua viatu mlangoni, akasimama na soksi zake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Hapana aliyemkaribisha. Bi Tjitske alimpa karatasi na kumwonyesha kiti, kiti kile cha karibu na kitanda cha Mzee Rienk kilichokwisha tandikwa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi wa mwisho.

"Arobaini na moja," alisema.

"Ndiyo," nikasema. "Naomba radhi. Ni mimi niliye..."

"Usipojibiwa unarudia," alisema, lakini hakuwa anasema nami. "Ndiyo ilikuwa sheria. Unarudia hadi mwenzako ajibu." Akainua uso. "Kengele yake ni ipi?"

Nikamwonyesha. Alikipangusa kitufe cha buluu kwa mkono wa sweta yake, akakisogeza karibu na sikio. Bi Tjitske alikuwa ameanza kumimina kahawa, akasimamisha birika.

Hylke akagusa mara moja, kwa ufupi.