Televisheni ya Papa Hubert katika Ukuta wa Mama Brigitte

Jumapili saa nane mchana, wakati watu wa mtaa wa Ngezi wanavua viatu vya kanisani na kunyoosha miguu, fundi Vital alitoboa matundu manne katika ukuta wa salo ya wageni ya Mama Brigitte. Yalikuwa matundu mazuri, yamenyooka. Mama Brigitte aliyatazama, akafagia vumbi la matofali, akaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni. Ukuta ulikuwa wake. Televisheni haikuwa yake.

Ilikuwa ya shemeji yake, Papa Hubert, mdogo wa marehemu mume wake Lambert. Lambert alikuwa na miezi minne kaburini. Mwezi wa kwanza, Papa Hubert alileta kiti, apate pa kukaa akija kuomboleza. Mwezi wa pili alileta kabati, ati kwake Shari mchwa wamezidi. Sasa alileta televisheni ya inchi hamsini na tano, ile ya akili, kwa sababu Lambert aliacha plake mbili za umeme wa jua juu ya bati, na kwake hapakuwa na hata moja. Mama Brigitte alisoma mpaka mwaka wa nne wa primeri tu, lakini hesabu hiyo haikuhitaji mwaka wa tano: kiti, kabati, televisheni, kisha mwenyewe na godoro lake.

Papa Hubert alikuwa amestaafu kazi ya ofisi, na tangu mazishi hakusema neno la Kiswahili ndani ya nyumba ile. Alisema Kifaransa tu, hata kwa mbuzi. Kwa Kifaransa hicho alimwamuru Vital aijaribu mashine mbele ya mashahidi: picha, sauti, na kazi zake zote, kila kitu kipewe pointi juu ya kumi. Mke wake, Mama Clémence, alikaa kando yake na mkoba juu ya magoti, kama mtu asiyenuia kukawia.

Vital alianza na picha. Aliweka filamu ya majaribio: kasuku, maporomoko ya maji, kisu kinachokata nyanya polepole.

"Angalia, mama. Nyeusi iko nyeusi kabisa. Nyekundu iko nyekundu."

"Imezidi," alisema Mama Brigitte. "Nyanya ya vile ukiikuta sokoni, pita. Ndani iko maji tupu."

"Mama, ile ni kontrasti."

"Ata kama. Weye umeshakula kontrasti?"

Vital alipunguza wekundu mpaka nyanya zikawa na mabaka kidogo, kama za watu. Akaandika katika daftari: picha, nane.

Kwa sauti aliweka kwaya. Besi ilitikisa vikombe ndani ya kabati la Papa Hubert, na kuku wa jirani wakahamia kiwanja cha parsele nyingine. Mama Brigitte, aliyeimba alto miaka thelathini, alisema waimba alto wamemezwa wote na ile ngoma. Vital akaandika: saba, iongezewe bafle ya sauti.

Zikabaki kazi zake. Vital aliondoa sauti ya kwaya, akafungua meni ya mashine kwa kubonyeza telekomande, akashuka kwenye lugha.

"Kiswahili iko," alisema. "Na siyo ya Dar. Ya huku."

Akabonyeza. Papa Hubert alikuwa tayari amesimama, maana kila akiona watu watatu wamekaa hutoa hotuba. Alisema kwa Kifaransa kwamba ameleta chombo hiki ili familia ibaki pamoja, na ili mjane wa kaka yake asikae mpweke. Chini ya miguu ya wanakwaya, waliokuwa wakifungua midomo bila sauti, yakatokea maandishi ya manjano:

NIMELETA TELEVIZYO KWANZA. MIYE MWENYEWE NITAFUATA.

Vital alisogea, akapangusa kioo na kitambaa.

"Ni sutitre," alisema. "Iko na kamaikro ndani. Inasikia mutu, inatafsiri."

"Inatafsiri muzuri?" aliuliza Mama Clémence.

"Ya mwaka huu, muzuri sana."

Mama Brigitte aliinua kidole hewani na kusoma kama alivyofundishwa, silabi kwa silabi, kwa sauti. "Ni-me-le-ta. Te-le-vi-zyo." Wote walimngoja afike mwisho, kwa heshima ya umri wake.

Papa Hubert aliagiza maandishi yaondolewe. Vital alibonyeza mara tatu. Yalipungua, yakarudi. "Inakatala, papa. Lakini usiogope, garanti iko mwaka muzima." Na chini yake ikaandikwa: UKIVUKA MULANGO WA MAGAZINI ULIPONUNUA, GARANTI IMEKWISHA. Vital alisoma, akatikisa kichwa kukubali, akanakili katika daftari.

"Na weye, yaya," Mama Clémence alimgeukia Mama Brigitte, akimwita dada mkubwa, "unaendelea muzuri?"

"Muzuri tu, mama. Mungu anasaidia."

NAOGOPA BATANIFUKUZA KWANGU, ikaandika televisheni. NITALALA WAPI?

Mama Brigitte aliisoma hiyo pia, silabi kwa silabi, kwa kuwa hakuwahi kuacha sentensi katikati. Herufi zilikuwa nene. Mtu angezisoma akiwa jikoni.

Ndipo Papa Hubert alitoa karatasi katika mfuko wa shati. Ilikuwa karatasi ya parsele ya nyumba ile, yenye muhuri. Mume wa Mama Brigitte ndiye aliyemtuma kuishughulikia miaka ya nyuma, kwa kuwa Hubert alijua Kifaransa na alijua milango ya ofisi. Aliisoma kwa sauti, taratibu, ili mambo yawe wazi: namba, ukubwa, jina la mwenye parsele. Jina lilikuwa Hubert.

MUKUBWA YANGU LAMBERT ALINITUMA NIANDIKISHE JINA YAKE, ikaandika televisheni. NIKAANDIKISHA YANGU. HAKUSOMA. ALINIAMINI.

Haya yalichukua muda. Kwenye "nikaandikisha" Mama Brigitte alikwama, na Mama Clémence akamsaidia: "Ni-ka-a-ndi-ki-sha, yaya." Walipomaliza, Mama Clémence alishika mkoba wake.

"Siye twende, Papa Hubert. Jua linapungua."

ATA AKIHAMIA HAPA, MIYE SITAKUJA, ikaandika televisheni, na Papa Hubert akaisoma huku mke wake amempa mgongo, tayari mlangoni.

Vital alifunga daftari. "Picha nane, sauti saba, kazi zake kumi juu ya kumi. Papa, haukuibiwa."

Jumatatu Mama Brigitte alimwita shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Alikuja mwenyewe, akakaa, akasikiliza, akasoma maandishi ya ukutani. Alisema karatasi yenye muhuri ni karatasi, na televisheni haina muhuri. Hata hivyo jambo hili atalifuatilia. SITALIFUATILIA, ikaandika televisheni. Shefu aliisoma yote, akashukuru kwa kiti, akaenda. Parsele ikabaki kwa jina la Hubert, na mpaka leo iko hivyo.

Papa Hubert alirudi na Vital kuing'oa. Vital alijaribu skrubu ya kwanza, akachungulia na tochi. Skrubu zilikuwa zimeota mizizi, myeupe, myembamba kama ya vitunguu, nayo imeingia ndani ya matofali. Alishauri waache. Ikitoka, ukuta utakuja nayo, na nyumba ya kuta tatu haina mnunuzi.

Lakini Papa Hubert, mke akiwa amekataa kuhamia, alikuwa ameamua kuuza nyumba. Mama Brigitte alikunja nguo zake mbili nzuri, akaziweka ndani ya beseni karibu na mlango, akangoja. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Lumumba. Alikaribishwa salo, maana mgeni hakaribishwi jikoni, na Papa Hubert akamweleza kwa Kifaransa kwamba nyumba haina matatizo. MUJANE IKO NDANI, ikaandikwa. NYUMBA NI YAKE. Mfanyabiashara alisoma, akamsalimia Mama Brigitte kwa mikono miwili, akakumbuka ana kikao.

Wa pili alikuwa mtu wa dhahabu kutoka Mongbwalu. Siku hiyo Papa Hubert aliizima televisheni kabisa. Maandishi yakaja juu ya kioo cheusi, yakasomeka vizuri zaidi. Mtu wa Mongbwalu alisema yeye analipa siku hiyohiyo. SINA ATA NUSU, ikaandikwa. Wakasoma wote wawili, wakapeana mikono, wakaachana kwa amani. Wa tatu alisimama barabarani, akauliza kama hii ndiyo nyumba yenye televisheni ile, akapita.

Mama Brigitte alitoa nguo katika beseni, akaloweka maharagi humo.

Baada ya hapo salo yake haikukosa watu. Akina mama wa Ngezi walileta wachumba wa binti zao wanywe chai wakitazama ukuta. Glodie, binti wa jirani, alileta mchumba wake siku ya Alhamisi. Kijana alisema sentensi mbili, akatoka, akarudi Alhamisi iliyofuata kusema nyingine, na sasa kuna tarehe ya ndoa.

Papa Hubert naye anakuja kila Jumapili, kwa sababu kiti chake kiko pale. Anakaa bila kusema. Jumapili moja Mama Brigitte alitwanga sombe, majani ya muhogo, akaiunga kwa mawese na samaki wa kukaushwa, akamwekea sahani. Alikuwa ameshaona kwamba mtu anayekula hauzi nyumba. Papa Hubert alikula kwa kuinama, pembe ya karatasi ikichungulia mfukoni mwa shati. Alimaliza, akalamba kidole, na hapo akajisahau, akasema Kiswahili.

"Sombe iko tamu, shemeji."

Mama Brigitte aligeukia ukuta. Papa Hubert naye akageuka, polepole, kama mtu anayengoja kupigwa. Televisheni ilichelewa kidogo kuliko kawaida yake, kisha ikaandika:

SOMBE IKO TAMU, SHEMEJI.

Mama Brigitte aliinua kidole akasoma, silabi kwa silabi. Akarudia kutoka mwanzo, akitafuta herufi iliyozidi au iliyopungua. Haikuwapo. Karatasi ilikuwa palepale mfukoni. Alichukua sahani mkononi mwa shemeji yake, akaenda jikoni kumwongezea.