Saa Kumi na Saba Angani

Simu ilimwambia Dorca kuwa Vancouver hadi Kisumu ni kilomita elfu kumi na nne na ushee, saa kumi na saba angani. Naye akaiamini kama Biblia. Kaka yake Okinyi alipoondoka Kanada Alhamisi jioni kuja kumzika mama yao, Dorca alipiga hesabu, akamwambia baba yake mdogo, Mzee Owiti, "Ijumaa usiku atakuwa hapa. Chimbeni."

Wakachimba, nyumbani kwao Otonglo. Jumamosi adhuhuri Okinyi alikuwa bado hajafika. Akapiga simu.

"Niko Amsterdam. Nimelala uwanjani, nangoja ndege ya Nairobi."

"Lakini saa kumi na saba zilishapita!"

"Hizo ni za ndege isiyotua popote, Dorca. Ndege hiyo haipo! Ningojeni hadi kesho, udongo wa kwanza ni wa mwana wa kwanza."

Mzee Owiti alitikisa kichwa. "Kaburi likishachimbwa halilali tupu. Likilala tupu, litaita mwingine wa boma hili."

Dorca aliwatazama wanawe wawili waliokuwa wakicheza juu ya lile tuta la udongo.

"Teremsheni," alisema.

Jeneza lilipofika chini, akainama, akachota udongo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aliishika simu juu ya shimo.

Kishindo cha udongo kilimfikia Okinyi papo hapo, bila kutua popote.