Hakuna Kipande, Hakuna Chai

Wapiganapo ndovu, nyasi ndizo huumia. Jumapili hiyo kule Sagalla mambo yaligeuka: nyasi ndizo zilizopigana, na ndovu alilala tuli mezani, amekatwa vipande mia na mia, akisubiri jicho lake.

Jicho lenyewe lilikuwa ndani ya ngumi ya Fridah.

Alilipata akipekua mkebe kumtafutia Nyanya Nduku kipande cha kuanzia. Lilikuwa dogo kuliko kidole gumba: rangi ya kahawia, mikunjo ya ngozi, kope ndefu. Moyo ukamlipuka. Kwa miezi kadhaa yeye na majirani walikuwa wakiunga kitu cha rangi ya majivu wakidhani ni miamba ya mlima wao. Hapakuwa na picha ya kuwaongoza. Mgeni wa hoteli ya Voi, anakofua mashuka Fridah, aliiacha jigso hiyo, mchezo wa kuunga vipande hadi picha itokee, ndani ya mfuko wa kitambaa, bila kasha. Fridah aliipenda hata akawa anaunguza ugali, kisha akaona ni uchoyo kufurahi peke yake. Ndipo alipoweka sharti: kila Jumapili baada ya kanisa mlango wake uko wazi, ila asiyeweka kipande hanywi: hakuna kipande, hakuna chai.

Aliyeponywa na sharti hilo alikuwa Christine. Tangu ndovu amuue mumewe, Francis, katika shamba la ndengu, Christine hakuwa ameingia nyumba ya mtu. Pole alizipokea mlangoni, na chakula cha majirani alikipokea mlangoni. Nyumba ya kwanza kuingia ilikuwa hii, na kilichomwita ni vipande hivi. Hapa mezani ndipo aliporudi kucheka. Je, akijua leo ni kitu gani amekuwa akikiunga kwa vidole vyake mwenyewe? Ataufunga mlango tena, Fridah aliwaza, na safari hii hataufungua.

"We Fridah, umezama mkebeni?" Nyanya Nduku alisema. "Koo limenikauka. Nipe kipande, tena kiwe cha mabati."

"Ni miamba, nyanya."

"Miamba gani ina mistari? Hayo ni mabati ya kanisa kabla hayajapakwa rangi. Nayajua, nilichangia."

Siku nyingine Christine angecheka. Leo kidole chake kilikuwa kinazunguka tundu moja katikati ya ile rangi ya majivu, polepole, kama mtu anayepapasa kidonda.

"Cha hapa hakimo?" aliuliza.

"Bado natafuta, dada."

"Tafuta vizuri."

Jasho lilianza kulowesha kiganja cha Fridah. Alifikiria kulitupa jicho jikoni, kwenye makaa. Alifikiria kumwaga chai makusudi ili meza ipanguliwe. Kabla hajaamua, hodi ikapigwa na Danson akaingia, mdogo wake Francis, nguo zikinuka moshi. Alikuwa ametoka kukagua mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye ua wa shamba kuzuia ndovu.

"Bado mko chekechea?" alisema. "Shemeji, nimekuja tuandamane nyumbani."

"Karibu, Baba Daisy," alisema Fridah. "Chai nitakuletea huko nje, kuna upepo."

"Nje kwa nini? Mimi mbwa?"

"Kwanza kipande!" Nyanya Nduku akamtilia kimoja mkononi.

Danson alicheka, akainama, akasita. Kisha akasimama wima. Wenzake waliokaa walikuwa wakiona vipande. Yeye, kwa kusimama, alimwona mnyama. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Hili ni sikio," alisema. "Na huu mkonga." Akamkodolea Fridah macho. "Mama Bravin! Umemweka huyu mezani? Mbele ya mjane wa ndugu yangu?"

"Sikujua, Baba Daisy..."

"Hukujua!" Akashika ubao uliopangwa vipande kwa mikono miwili ili aubinue. Vipande vya ukingoni vikaanza kuporomoka sakafuni.

Viganja vya Christine vikatua juu ya picha, pa!

"Weka chini, shemeji."

"Hujaona ni nini?"

"Nimeona kabla yako. Ngozi hiyo naijua. Siku ile nilisimama nayo karibu kuliko ulivyosimama wewe sasa."

Nyanya Nduku alishika kikombe kitupu kwa mikono yote miwili. Danson akauteremsha ubao, taratibu.

"Mbona ulinyamaza?" Fridah aliuliza.

"Ningesema, mngenifichia. Kila anayekuja kwangu hatamki ndovu. Anasema 'yule', 'yule mnyama', 'lile jambo'. Mpaka nikaona nimebaki peke yangu na neno lenyewe." Akanyoosha mkono bila kuinua macho. "Nipe jicho, Fridah. Umelifinya hilo tangu nilipoketi."

Fridah akafungua ngumi. Kipande kilikuwa kimelowa. Christine akakifuta kwa upindo wa leso yake, akakigeuza mara moja, akakibana mahali pake. Kisha akamtazama ndovu. Alimtazama kwa muda mrefu, na mgongo wake haukuinama.

"Haya," alimwambia. "Sasa tuonane."

Akainama kuokota vipande vilivyoanguka.

Danson akamgeukia Fridah. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Ndugu yangu yuko udongoni, na wewe unakaribisha muuaji wake kwa chai. Niombe msamaha, Mama Bravin. Hapa hapa, Nyanya akisikia."

Maneno ya msamaha yalikuwa tayari ulimini mwa Fridah. Alikuwa ameyaandaa tangu alipolipata jicho mkebeni. Alimtazama Christine pale sakafuni, akijaribu kipande kwa kipande, akinung'unika kwamba pembe moja haijakamilika. Akayameza, maana kuyasema kungekuwa kumfichia Christine ndovu tena.

"Kipande chako bado unacho mkononi, Baba Daisy," alisema. "Keti ukiweke, chai inapoa. Lakini msamaha siombi. Leo siombi, na Jumapili ijayo siombi."