Viatu vya Mzee Hesabu

Viatu vya Mzee Hesabu vilikuwa vikavu. Binti aliliona hilo kwanza, maana nje mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Ndipo akakumbuka kuwa mzee alishazikwa. Akampokea sanduku mlangoni, akainama kumfungulia kamba. Mzee alikuwa ameandika makala za hisabati na wenzake wa kila bara, lakini kamba za viatu zilimshinda maisha yake yote.

Hakuwahi kuwa na nyumba. Alihama kutoka kwa mwanahisabati mmoja hadi kwa mwingine, wakakokotoa pamoja, wakachapisha, akaondoka na sanduku lake. Kwa baba mdogo wa binti ndiko alikolowea. Binti aliachishwa shule ili amhudumie.

"Mgeni akiondoka tu, unarudi darasani," baba mdogo alimwambia wakati huo.

Baada ya mazishi, binti alikuwa ameitoa sare ya shule, akaishusha pindo lote, akaipiga pasi. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Baba mdogo alitoka sebuleni, vidole vyeupe kwa chaki. "Karibu, Mzee! Tuliishia wapi?"

"Pale ulipokosea."

Wakacheka, wakaenda ubaoni.

Mama mdogo akachungulia. "Si tulimzika huyu?"

"Tulimzika, Mama."

"Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu majembe yamemfukia na bado karudi." Akapiga mwayo. "Ongeza maji kwenye birika."

Simu zikaanza kuingia kutoka miji mingine. Wenzake waliuliza atafika kwao lini, nao walikuwa na kazi waliyoiacha nusu. Makala zikaendelea kutoka. Mwanzoni kando ya jina lake waliandika "marehemu", kisha wakaacha, maana neno hilo lilimkera.

Sare ikarudishwa kabatini. Mama mdogo aliuhitaji msumari ule kutundikia koti la mgeni.

Asubuhi moja mzee alikaa kitini akanyoosha mguu. Akauliza, kama alivyozoea kuuliza bila kungoja jibu: "Siku hizi uko darasa la ngapi, mwanangu?"

Binti alikaza fundo.

"Sisomi, Mzee. Niliachishwa kwa ajili yako. Nilitaka kusoma."

Mzee akalifikiria hilo kwa muda, kama swali zuri lililo nje ya fani yake. Kisha akanyoosha mguu wa pili.