Meneja Kasema Nikalilalie

"Umepewa kazi ya kupokea simu, halafu unakuja kulala?" Baba alishapandisha sauti.

"Meneja mwenyewe kaniambia nikalilalie, baba. Ni msemo wa Kiingereza, maana yake usijibu leo kama unaitaka kazi, fikiria mpaka asubuhi."

"Ngojangoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka je?" mama akadakia. Baba akamtupia jicho.

Mimi nilikuwa bado nusu ndotoni. Usiku nilijiona nimevaa hedifoni, sauti za wateja zinanipita kama ukungu. Sauti yangu ilikuwa imepotea, wala sikuitafuta. Nilikuwa naelea taratibu kutoka dirishani.

"Haya, umeamka na jibu gani?"

"Siitaki, baba."

"Utakula ndoto?"

"Naenda kumuomba fundi redio wa hapo mtaani anifundishe kazi."

Nikatoka, nikafunga mlango polepole.